Chumvi ya Bahari Ndani ya Taa ya Sola: Jinsi ya Kuipima Kabla Haijakutia Hasara

Ukikaa Diani, Gazi au Msambweni, bila shaka umekwisha kuona jambo hili. Taa ya sola yawaka vizuri ukiijaribu mchana, lakini alfajiri haiwaki. Redio inakoroma mpaka jua lipande. Kontrola ya pampu inazimika yenyewe, na fundi akiifungua anatikisa kichwa na kusema, "Saketi imeliwa." Watu wengi husema ni ubovu wa kiwanda, au ni radi. Mara nyingine ni hivyo. Lakini hapa pwani ya kusini yuko adui mwingine afanyaye kazi yake usiku, kimya kimya, naye ni unyevu uliochanganyika na chumvi.

Jambo hili si dogo kwa mkulima wa skimu. Mtu apandaye mchicha na nyanya za kuuza kwenye mahoteli, pampu yake ikifa mwezi wa Januari katika jua la kaskazi, hana juma zima la kungoja fundi. Tena vyombo vingi siku hizi huchukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, na deni halikomi kwa sababu taa imezimika. Yafaa basi ujue ugonjwa wenyewe ni nini, waujaribu vipi, na utamwambia nini aliyekuuzia.

Chumvi yafikaje ndani ya nyumba

Mawimbi yakipasuka juu ya mwamba hurusha matone madogo sana, mengine madogo hata huyaoni kwa macho. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35. Upepo wa kusi, uvumao kutoka baharini kuanzia mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba, huyachukua matone hayo na kuyaleta bara. Njiani maji hukauka, chumvi hubaki. Hutua juu ya mabati, juu ya paneli ya sola, na huingia katika tundu lo lote la sanduku. Kadiri uendavyo mbali na ufuo ndivyo chumvi ipunguavyo, na mkulima wa Shimba Hills hupata kidogo sana kuliko yule wa Diani. Lakini wa Shimba Hills asifurahi mno, maana yeye ana ukungu wa asubuhi na umande, na tutaona kwamba chumvi si ya bahari peke yake.

Chumvi kavu haina neno. Hatari ni kwamba chumvi hunywa maji kutoka hewani. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa sehemu 75 katika 100. Chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, na chumvi ya magnesi huanza kunywa maji hewa ikiwa na unyevu wa sehemu 33 tu katika 100. Ndiyo sababu chumvi ya mawe hutota katika kopo wakati wa masika, hata kama mvua haikuingia jikoni. Mama wa nyumbani analijua jambo hili tangu zamani. Wauza sola wengi hawalijui.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Kabla ya kutundika kontrola au chaja mahali, weka sahani yenye chumvi kidogo ya mezani, iliyo kavu, mahali pale pale jioni. Iangalie alfajiri. Ikiwa imelowa, basi hewa ya mahali hapo imepita unyevu wa 75 usiku, na vumbi lo lote la chumvi lililo juu ya saketi nalo limelowa vile vile. Jaribu pembe mbili tatu za nyumba, na siku kadhaa. Utaona kwamba ukuta unaoelekea baharini na ukuta wa ndani, juu karibu na jiko, hali zao ni mbali mbali.

Metali isafirivyo

Sasa tuje kwenye umeme. Ndani ya kila saketi ziko njia nyembamba za shaba, zimeshikwa kwa lehemu ya bati. Kati ya njia moja na nyingine nafasi ni ndogo kuliko unene wa ukucha. Njia moja ni ya chanya (+), jirani yake ni ya hasi (-). Maji yenye chumvi yakiziunganisha, metali ya upande wa chanya huanza kuyeyuka ndani ya maji. Chembe zake husafiri mpaka upande wa hasi, na huko hugeuka metali tena. Hazijengi ukuta laini, bali huota kama mizizi ya mti au jani la ukoka, zikirudi kuelekea kule zilikotoka. Siku uzi mmoja ukigusa upande wa pili, umeme hupita njia ya mkato na chombo huzimika.

Mara nyingi uzi huo ni mwembamba mno hata umeme ukipita huuunguza wenyewe, na chombo huamka tena kama hakuna kilichotokea. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mkulima ampelekea fundi taa saa nne asubuhi, hewa imekwisha kukauka, nayo inawaka. Fundi adhani mteja ni mwongo. Kesho alfajiri imekufa tena.

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajiwa pamoja: maji, chumvi au uchafu mwingine kama huo, na umeme. Likiondoka moja, metali haisafiri. Kumbuka jambo hili, maana karibu kila shauri litolewalo hapa chini latoka humo.

Ugonjwa huu si mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa King's African Rifles walipelekwa Burma, na mwaka 1944 walipigana huko katika mvua za masika. Redio za jeshi zilizotengenezwa kwa hali ya hewa ya Ulaya zilioza katika misitu ile kwa maji na ukungu, mpaka watengenezaji wakaanza kuzipaka vanishi na kuziba masanduku yake. Halafu mwaka 1955 mafundi wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko Marekani walichapisha habari za fedha iliyokuwa ikitembea yenyewe juu ya vihami vya mitambo yao ya simu na kuleta hitilafu. Fedha ndiyo isafiriyo upesi kuliko zote. Bati, risasi na shaba nazo husafiri.

Na hapa Kwale kwenyewe tumekuwa mahali pa kujaribia vyombo vya maji kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 pampu za mkono zilijaribiwa sana katika visima vya pwani hii, na katika kazi ya namna hiyo, hapa na Malawi, ndimo ilimotoka pampu ya Afridev ambayo wengi wenu mnaifahamu. Bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, kwa kuwa bomba la chuma huliwa na maji makali ya kisima. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mikono ya pampu za Kwale kifaa kidogo cha umeme, kilichohesabu mwendo wa mkono na kupeleka habari kwa njia ya simu, ili pampu ikiharibika ijulikane mapema. Bomba laweza kufanywa la plastiki, saketi haiwezi. Yenyewe hapana budi izuiwe isilowe.

Ujionee kwa macho

Ukitaka kuamini, fanya jaribio hili mezani. Watoto wa shule watalipenda. Chukua kipande cha kioo safi. Chuna waya wa shaba upate nyuzi mbili nyembamba, uzilaze juu ya kioo zikielekeana ncha kwa ncha, nafasi ya kati iwe kama unene wa shilingi. Zishike kwa selotepu. Unganisha kila uzi na upande wake wa mawe matatu ya tochi yaliyofuatana. Kisha dondosha tone moja la maji ya mvua katikati, uangalie kwa kioo cha kukuzia. Baada ya dakika kadhaa utaona nyuzi nyekundu nyekundu au nyeusi zikiota kutoka upande wa hasi.

Futa, weka nyuzi mpya, na mara hii tone liwe la maji ya chumvi. Utaona mapovu mengi upesi, na upande wa chanya waya utaliwa na kutoa tope la kijani au buluu. Yaani uchafu kidogo huotesha nyuzi, na chumvi nyingi hula shaba yenyewe mpaka njia ikatike. Tumia mawe ya tochi tu. Usijaribu kamwe kwa betri ya gari wala umeme wa nyumba.

Wapimavyo viwandani

Maabara hufanya jambo lile lile kwa utaratibu. Kipimo kimoja huweka kibao chenye njia za shaba zilizopangwa kama meno ya vitana viwili, ndani ya kabati lenye joto la digrii 40 na unyevu wa sehemu 90 katika 100, kwa muda wa saa 168, yaani siku 7, umeme ukiwamo wakati wote. Huku wanapima ni kiasi gani nafasi ya kati inauzuia umeme usipite. Uzuizi ukishuka chini ya ohmu milioni 100, kibao kimeshindwa. Angalia vizuri kwamba umeme haukatwi. Kibao kilicholowa bila umeme hakitoi jibu, kwa sababu metali haina kitu cha kuisukuma.

Kipimo cha pili ni cha ukungu wa chumvi. Maji yenye chumvi sehemu 5 katika 100 hupulizwa kama moshi ndani ya kabati lenye joto la digrii 35. Paneli za sola zina kipimo chao cha chumvi, ambacho namba yake ni IEC 61701. Ukinunua paneli ya bei kubwa kwa shamba lililo karibu na ufuo, mwulize muuzaji kama imepita kipimo hicho, na akuonyeshe karatasi.

Neno moja juu ya alama ya IP iliyoandikwa juu ya taa na simu. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na chombo kimezamishwa katika maji ya kina cha meta moja kwa dakika 30 bila kudhurika. Ni alama nzuri. Lakini maji yale ni baridi, si ya bahari, na chombo kilikuwa kipya. Mpira wa kuzibia ukikauka baada ya miaka miwili ya jua, alama imebaki ileile lakini maji yanaingia. Kwa maoni yangu, mkulima wa pwani aitazame alama hii kama cheti cha kuzaliwa, si cheti cha afya.

Vipimo vya shambani

Huhitaji maabara. Mita ya fundi, ile ya kupimia umeme, yatosha, nayo si ghali. Wakulima watano wa jirani wanaweza kununua moja.

Anza na waya wa kutoka kwenye paneli, maana huo ndio ulio nje. Funika paneli kwa gunia, ufungue waya pande zote mbili usishikane na kitu. Weka mita kwenye ohmu za juu kabisa, kisha gusa nyuzi zake mbili kwa wakati mmoja. Waya mzima hauonyeshi namba. Mita huandika 1 au OL, yaani njia haipo. Fanya hivi alfajiri umande ukiwapo, halafu tena saa nane mchana. Ikiwa alfajiri yaonyesha namba na mchana haionyeshi, waya unavuja kwa unyevu. Tafuta mahali ulipoungwa, maana karibu kila mara ni pale, hasa palipozungushiwa selotepu ya kawaida.

Chombo chenyewe hakipimwi hivyo, kwa kuwa kwa ndani pande zake mbili zimeungana kupitia saketi, na namba lazima ionekane. Hapo linganisha tu. Betri ikiwa imetolewa, pima kwenye soketi ya chaja asubuhi na mchana, uandike namba. Tofauti kubwa kati ya asubuhi na mchana ndiyo dalili.

Huna mita? Jaza taa chaji kamili, uiwashe, uhesabu saa mpaka izimike. Siku ya pili ijaze tena, uizime, uiache usiku mbili mahali pake pa kawaida, kisha uiwashe na kuhesabu saa. Ijaze mara ya tatu, na zile siku mbili ikae ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya maji vipatikanavyo ndani ya masanduku ya viatu. Kama saa zimepungua ilipokaa nje na hazikupungua ilipokaa ndani ya kopo, basi umeme unavujia katika unyevu wakati taa imezimwa.

Mwisho, fungua na kutazama, betri ikiwa nje kwanza. Rangi ya kijani au buluu ni shaba inayoliwa. Unga mweupe au wa kijivu hutoka kwenye bati, zinki au alumini. Tazama zaidi mahali penye chanya kando ya hasi: soketi ya chaja, vibanio vya betri, swichi. Hali kadhalika tazama wadudu, kwa sababu sisimizi na mijusi hupenda joto la kontrola, na kinyesi chao ni chumvi vile vile.

Chumvi zisizotoka baharini

Hapa ndipo wa Shimba Hills na Lukore wasikilize. Mfuko wa mbolea ya CAN ni chumvi, tena inayonywa maji upesi kuliko ya mezani. Ukiweka betri na kontrola katika stoo moja na mbolea, vumbi lake hufanya kazi ile ile ya bahari, na mbolea hiyo hupenda kula shaba. Hewa kali ya banda la kuku, ile iumayo macho, nayo hula shaba na shaba nyeupe. Kwa hiyo taa ya vifaranga itundike ndani, lakini kontrola na betri ziwe nje ya banda. Jasho la mkono ni chumvi. Na fundi aliyetengeneza saketi kwa dawa ya kuchomea mabati, bila kuiosha baadaye, ameacha asidi ndani ya sanduku lako. Mwambie atumie dawa ya saketi, na asafishe kwa spiriti mbele yako.

Kikilowa

Simu ikiangukia baharini au taa ikinyeshewa, usiiwashe "nione kama yafanya kazi." Hilo ndilo kosa liuzalo saketi nyingi, maana ndiyo mara ile mambo matatu yanakutana. Izime. Toa betri kama yatoka. Ikiwa ni maji ya bahari, yaoshwe kwa maji safi ya mvua mara hiyo hiyo, kabla hayajakauka, kisha fundi aoshe saketi kwa spiriti safi na kuikausha siku mbili. Watu huzika simu katika mchele. Mchele hautoi chumvi hata chembe. Chumvi hubaki ndani ikingoja kusi ijayo.

Betri ya lithi iliyoingia maji ya bahari au iliyovimba usiilaze ndani ya nyumba. Yaweza kushika moto saa nyingi baadaye, na wengi wetu tuko chini ya makuti. Iweke nje juu ya mchanga, mbali na ukuta.

Mahali pa kutundika

Sanduku la kontrola likae upande usioelekea bahari, juu kutoka sakafuni, chini ya paa. Waya uingie kutoka chini, tena uning'inie kwanza kama kitanzi, ili tone litelemkalo lidondoke kabla ya kufika sanduku. Usiupitishe juu ya sanduku hata kama ndiyo njia fupi. Viungo vya nje vipake mafuta ya mgando baada ya kuvikaza, visipitishe hewa. Mwanzo na mwisho wa kusi pangusa vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi, umeme ukiwa umekatwa.

Wako wanaoziba sanduku kwa gundi pande zote. Sanduku hupata joto mchana na kutoa hewa, usiku hupoa na kuvuta hewa yenye maji kupitia tundu dogo lililosahauliwa. Maji hayo hayatoki tena. Kama huwezi kuziba kikamilifu, afadhali tundu dogo upande wa chini, lenye wavu wa kuzuia wadudu. Na ukimwomba fundi apake vanishi juu ya saketi, hakikisha ameiosha kwanza. Chumvi iliyofunikwa kwa vanishi huendelea kula shaba humo humo ndani.

Ukienda kununua, angalia alama ya ubora ya KEBS, uombe waranti ya maandishi, na usome kama yasema unyevu haumo. Nyingine husema hivyo kwa herufi ndogo. Ikiwa unakaa hatua chache kutoka ufuoni, mwambie muuzaji mapema, na umwombe aandike mahali pa matumizi juu ya risiti. Tangu siku ya kwanza uwe na daftari: tarehe, saa ilipozimika, hali ya hewa, namba ya mita asubuhi na mchana. Ukirudisha chombo kilichokufa, kipeleke kikiwa kimefungwa ndani ya kopo la kubana tangu alfajiri kilipozimika, pamoja na daftari, na umwombe fundi akipime kabla hajakiweka juani.